Linux: Namna ya kuamsha kitufe cha kuzungusha skrini kwenye kompyuta mpakato inayogeuka kishikwambi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, una masharti ya vifaa ambayo kompyuta nyingi za zamani haziyatimizi. Kwa wamiliki wa kompyuta hizo, njia mojawapo ya kuendelea kuzitumia kwa usalama bila kununua mpya ni kuhamia Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao hutolewa bure na huweza kurekebishwa na yeyote mwenye ujuzi.

Katika tarafa ya Bugendana, mkoani Gitega, katikati ya Burundi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mashambani katika nchi hiyo ambako ni watu wachache tu wenye umeme nyumbani, kompyuta ni mali inayotarajiwa kudumu miaka mingi na kupita mikono mingi. Mwalimu akiipata leo, huenda mwanafunzi wake akairithi kesho. Kompyuta iliyoonekana chakavu kwingineko bado ina kazi ya kufanya huko.

Miongoni mwa mashine zinazopita mikono hiyo zimo zile ambazo kioo chake hupinduliwa au huzungushwa juu ya mhimili kikalala juu ya kibodi, nayo kompyuta mpakato ikawa kishikwambi. Pembeni mwa kioo huwa na kitufe kidogo chenye mshale wa mviringo. Kazi yake ni kuigeuza picha ili ifuate namna kioo kilivyoshikwa. Lakini baada ya Linux kuwekwa, mara nyingine kitufe hicho hubonyezwa na kisitokee chochote. Mwenye mashine hudhani kimeharibika, fundi hupendekeza kibodi ibadilishwe, au mashine huuzwa kwa bei ya kutupa. Aghalabu kitufe hicho ni kizima. Kinachokosekana ni jina lake katika orodha ya mfumo, au kazi ya kukipa.

Makala haya yanaeleza jinsi kitufe hicho kinavyofanya kazi, namna ya kugundua tatizo lilipo, na hatua za kulitatua.

Kwa nini picha isimame wima?

Skrini nyingi za kompyuta ni pana kuliko zilivyo ndefu. Umbo hilo hufaa kutazama filamu, lakini ukurasa wa kitabu, barua ya ofisi au fomu ya zahanati husimama wima. Ukurasa wa karatasi ya A4 ukionyeshwa kwenye skrini iliyolala, ama nusu yake huonekana na msomaji hulazimika kushuka na kupanda, ama hupunguzwa mpaka herufi zisisomeke. Skrini hiyo hiyo ikisimamishwa wima, ukurasa mzima huonekana kwa mara moja.

Pale ambapo vitabu vya kiada havitoshi na kompyuta moja imebeba maktaba nzima ya shule, tofauti hiyo si ya urembo. Watoto watatu au wanne wanaosoma kwa kupokezana kwenye mashine moja huweza kuishika kama kitabu, ilhali mwalimu anayeandika ripoti huirudisha katika hali ya kawaida kwa kubonyeza mara moja.

Kompyuta ya watoto iliyokuwa na kitufe hicho

Wazo la kitufe cha kuzungusha skrini kwenye Linux si geni katika Afrika Mashariki. Rwanda, jirani wa Burundi upande wa kaskazini, ilianza mwaka 2008 kusambaza katika shule za msingi kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child, uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005. Zaidi ya kompyuta laki mbili zilifika Rwanda, idadi iliyoifanya kuwa mpokeaji mkubwa wa mradi huo barani Afrika.

Kompyuta hiyo, iliyoitwa XO, ilikuwa na rangi ya kijani na nyeupe, kioo cha inchi 7.5 kilichoweza kusomeka hata juani, na mfumo endeshi wa Linux wa familia ya Fedora wenye mandhari ya kazi yaitwayo Sugar. Kioo chake kilizungushwa na kulazwa juu ya kibodi, na pembeni mwake palikuwa na kitufe cha kuigeuza picha. Kila mtoto alipokibonyeza, picha iligeuka robo ya mzunguko. Programu ndogo ndani ya mashine ilihakikisha kwamba hata vitufe vya mwelekeo vilivyo kando ya kioo viligeuka pamoja na picha, ili "juu" iendelee kuwa juu machoni pa mtoto.

Upo uhusiano mwingine. Msingi wa kuzungusha picha kwenye Linux, uitwao RandR, ulielezwa mwaka 2001 na wahandisi wawili, Jim Gettys na Keith Packard. Gettys baadaye alisimamia kazi ya programu katika mradi huo wa kompyuta za watoto. Amri ya xrandr inayotajwa hapa chini imechukua jina lake kutokana na msingi huo.

Funzo la XO ni kwamba kitufe kilifanya kazi kwa sababu waliotengeneza mashine na waliotengeneza mfumo walikuwa kitu kimoja. Kompyuta nyingine nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Windows, na Linux hufika baadaye kama mgeni asiyejua majina ya vyumba vyote vya nyumba.

Safari ya mbonyezo mmoja

Ili kutatua tatizo, yafaa kwanza kuelewa njia ambayo mbonyezo hupitia kabla picha haijageuka. Njia hiyo ina vituo vitatu.

Kituo cha kwanza ni kifaa chenyewe. Kitufe kinapobonyezwa, kibodi hutoa nambari ya siri ya kiwandani. Kila mtengenezaji huchagua nambari anayoitaka kwa vitufe vya ziada.

Kituo cha pili ni kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayozungumza na vifaa. Kiini huipokea nambari ya kiwandani na kuitafsiri kuwa nambari ya pamoja inayojulikana na programu zote. Kwa kitufe cha kuzungusha skrini, nambari hiyo ya pamoja ni 153. Nambari ya kiwandani isipokuwamo katika orodha ya kiini, ujumbe huishia hapo.

Kituo cha tatu ni mandhari ya kazi, yaani madirisha, menyu na aikoni anazoziona mtumiaji, kama vile GNOME, KDE Plasma, Xfce au MATE. Mandhari hupokea nambari 153 na kuamua cha kufanya. Baadhi huzungusha picha mara moja. Mengine husubiri kuelekezwa.

Kwa hiyo kitufe kilicho kimya kinaweza kuwa kimekwama katika kituo chochote kati ya hivyo vitatu. Kubadilisha kibodi kunafaa tu ikiwa tatizo liko katika kituo cha kwanza, jambo ambalo si la kawaida.

Hatua ya kwanza: kujua mfumo unavyochora picha

Linux ina njia mbili za kuchora picha kwenye skrini: ya zamani iitwayo X11, na mpya iitwayo Wayland. Amri zinazofaa kwa moja huenda zisifae kwa nyingine. Ili kujua ipi inatumika, fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kisha andika:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu litakuwa x11 au wayland. Liandike mahali, kwani litahitajika baadaye.

Watumiaji wa kibodi za mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, ambazo ni za kawaida nchini Burundi, wakumbuke kuwa katika kibodi hizo tarakimu huandikwa kwa kushikilia Shift, kistari kifupi kiko kwenye kitufe cha 6 bila Shift, na mstari wa chini uko kwenye kitufe cha 8. Kibodi za Ubelgiji hutofautiana kidogo, hasa mahali pa kistari. Ikiwa herufi zinazotokea si zile zilizochorwa kwenye vitufe, mpangilio wa lugha ya kibodi urekebishwe kwanza katika mipangilio ya mfumo. Kosa la herufi moja katika amri hutosha kuifanya isieleweke.

Hatua ya pili: kusikiliza kitufe

Bonyeza kitufe cha kuzungusha mara mbili au tatu, kisha uulize kiini kama kimesikia kitu:

sudo dmesg | tail

Neno sudo humaanisha kuwa amri inatekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, na nenosiri litaombwa. Ikiwa kitufe kimefika kwenye kiini lakini hakitambuliki, utatokea ujumbe wenye maneno "Unknown key pressed", ukifuatwa na nambari ya kiwandani, kwa mfano code 0x6c. Huu ni ujumbe wa kufurahiwa: unathibitisha kwamba kitufe ni kizima na kwamba kinachohitajika ni jina tu.

Usipotokea ujumbe wowote, tumia programu ndogo iitwayo evtest, inayopatikana katika hazina za Ubuntu, Debian, Fedora na nyinginezo:

sudo evtest

Programu itaorodhesha vifaa vyote vya kuingiza taarifa. Chagua nambari ya kibodi, kisha ubonyeze kitufe. Kukitokea mstari wenye code 153, kiini tayari kinakitambua na tatizo liko katika kituo cha tatu. Ruka hadi hatua ya nne. Kama kibodi haionyeshi kitu, rudia kwa vifaa vingine vilivyo kwenye orodha, kwa kuwa katika mashine nyingi vitufe vya pembeni mwa kioo havipitii kibodi. Katika baadhi ya mashine za Intel, kwa mfano, hushughulikiwa na sehemu za kiini ziitwazo intel_vbtn na intel_hid, na huonekana kwenye orodha kama kifaa cha peke yake.

Ikiwa hakuna kifaa chochote kinachoitikia, jaribu mashine katika hali zote mbili, kioo kikiwa kimefunguliwa na kikiwa kimelazwa. Zipo zinazokizima kitufe hicho kwa makusudi wakati zinatumika kama kompyuta ya kawaida. Pakiwa bado kimya baada ya hapo, ndipo inapofaa kushuku kitufe chenyewe.

Hatua ya tatu: kukipa kitufe jina

Tuchukulie kuwa nambari ya kiwandani ni 6c, ambayo ndiyo inayotumika, kwa mfano, kwenye ThinkPad X200 Tablet. Kila anayefuata maelezo haya aweke nambari aliyoiona kwenye mashine yake mwenyewe. Jaribio la muda hufanyika hivi:

sudo setkeycodes 6c 153

Maana yake ni kwamba nambari ya kiwandani 6c itafsiriwe kuwa 153. Badiliko hili hupotea kompyuta inapozimwa, na ndiyo sababu linafaa kwa majaribio: likienda kombo, kuwasha upya kunatosha kulifuta.

Likifanikiwa, lifanywe la kudumu kwa kuunda faili:

sudo nano /etc/udev/hwdb.d/90-kitufe.hwdb

Ndani yake iandikwe mistari miwili:

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_6c=direction

Mstari wa pili sharti uanze kwa nafasi moja tupu. Nafasi hiyo ikiachwa, mfumo hautausoma, na wengi hukwama hapo bila kujua kosa liko wapi. Neno direction ni jina la nambari 153. Baada ya kuhifadhi faili, zitekelezwe amri mbili:

sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger

Kuanzia hapo mashine italijua jina la kitufe kila inapowashwa.

Hatua ya nne: kukipa kazi

Kwenye GNOME, ambayo ndiyo mandhari ya kawaida ya Ubuntu na Fedora, kitufe chenye jina hilo kwa kawaida huzungusha skrini bila maelekezo zaidi.

Kwenye Xfce, MATE na mandhari nyingine zinazotumia X11, ambazo hupendwa kwa mashine za zamani kwa sababu ni nyepesi, kazi hufanywa na amri ya xrandr. Kabla ya kuitumia moja kwa moja, ni busara kuijaribu kwa namna itakayojirudisha yenyewe:

xrandr -o left; sleep 10; xrandr -o normal

Picha itageuka, itakaa sekunde kumi, kisha itarudi. Mtumiaji hataachwa na skrini iliyopinduka asiyoweza kuisoma. Jaribio likifaulu, iundwe faili ya maandishi katika folda ya nyumbani, iitwe zungusha.sh, yenye mistari hii:

#!/bin/sh
if [ -f /tmp/wima ]; then
xrandr -o normal
rm /tmp/wima
else
xrandr -o left
touch /tmp/wima
fi

Faili hii hufanya kazi kama swichi. Mbonyezo wa kwanza husimamisha picha wima na kuacha alama. Wa pili huikuta alama, hurudisha picha na kuifuta alama. Ipewe ruhusa ya kutekelezwa:

chmod +x ~/zungusha.sh

Kisha fungua mipangilio ya kibodi, sehemu ya njia za mkato, ongeza njia mpya inayoelekeza kwenye faili hiyo, na inapoombwa ubonyezwe mchanganyiko wa vitufe, bonyeza kitufe cha kuzungusha. Mashine isiyo na kitufe hicho, au ambayo chake kimekufa kweli, inaweza kupewa mchanganyiko mwingine wowote wa vitufe, na matokeo yakawa yale yale.

Kwenye KDE Plasma inayotumia Wayland, xrandr haigeuzi picha. Amri inayofaa ni kscreen-doctor. Kwanza tafuta jina la skrini kwa kscreen-doctor -o, kisha, iwapo jina ni eDP-1, andika:

kscreen-doctor output.eDP-1.rotation.left

Mguso na kalamu visipofuata picha

Wapo wanaofika hapa wakishangilia, kisha wakagundua kwamba wakigusa kona ya juu, kishale huenda kona ya chini. Picha imegeuka, lakini tabaka la mguso bado linapima kwa mpangilio wa zamani. Katika Wayland mandhari ya kazi hurekebisha jambo hili yenyewe. Katika X11 huenda mtumiaji akalazimika kulirekebisha.

Amri ya xinput list huonyesha majina ya vifaa vya mguso. Jina likishajulikana, na picha ikiwa imegeuzwa kwa left, huandikwa:

xinput set-prop "JINA" "Coordinate Transformation Matrix" 0 -1 1 1 0 0 0 0 1

Kurudisha katika hali ya kawaida, tarakimu huwa 1 0 0 0 1 0 0 0 1. Kwa kalamu za Wacom, ambazo huja na kompyuta nyingi za aina hii, hutumika:

xsetwacom set "JINA" Rotate ccw

na neno none hutumika badala ya ccw wakati wa kurudisha. Mistari hii ikiongezwa ndani ya faili ya zungusha.sh, kila mmoja katika sehemu yake, picha, kidole na kalamu vitageuka kwa pamoja.

Je, kitufe ni lazima?

Kompyuta za miaka ya karibuni zina kihisi cha mwinuko, sawa na kile cha simu ya mkononi, kinachotambua upande ambao ardhi iko. Katika Linux kihisi hicho husomwa na programu iitwayo iio-sensor-proxy. Ili kujua kama kipo, huandikwa:

monitor-sensor

Kikiwepo, itaelezwa kuwa kimepatikana, na mwelekeo utabadilika kwenye maandishi kila mashine inapoinamishwa. GNOME na KDE Plasma huitumia taarifa hiyo kuzungusha picha zenyewe. Katika mashine nyingi uwezo huu huwaka tu kioo kinapolazwa katika hali ya kishikwambi, hivyo asiouona katika hali ya kawaida asikate tamaa mapema.

Kihisi nacho kina kero zake. Mtoto anayesoma akiwa amelala ubavu, au anayesafiri ndani ya gari kwenye barabara yenye mashimo, ataiona picha ikigeuka asipotaka. Kwenye GNOME, kushikilia kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi O hufunga mzunguko, na kurudia hivyo huufungua. Iwapo picha hugeuka upande usio sahihi daima, maana yake kihisi kilifungwa kiwandani kwa pembe tofauti na inayodhaniwa na mfumo. Marekebisho yake hufanywa pia katika folda ya /etc/udev/hwdb.d, kwa mstari unaoitwa ACCEL_MOUNT_MATRIX.

Mambo yakienda kombo

Kosa katika hatua hizi haliharibu kifaa, wala halifuti nyaraka. Hata hivyo mashine inayotegemewa na watu wengi haifai kufanyiwa majaribio bila tahadhari, na nakala ya nyaraka muhimu iwekwe kwanza kwenye kiendeshi cha nje.

Mabadiliko ya xrandr hupotea mtumiaji anapotoka kwenye akaunti na kuingia tena. Mabadiliko ya setkeycodes hupotea mashine inapozimwa. Faili ya 90-kitufe.hwdb hubaki, lakini huondolewa kwa kuifuta na kutekeleza tena zile amri mbili za hatua ya tatu. Skrini ikipinduka hata menyu zisisomeke, kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja hufungua ukurasa wa maandishi matupu ambao hauathiriwi na mzunguko huo. Hapo mtumiaji anaweza kuingia kwa jina na nenosiri lake na kuwasha mashine upya kwa amri ya sudo reboot.

Tahadhari nyingine inahusu msaada wa mitandaoni. Amri inayoanza na sudo hupewa mamlaka yote. Faili ya kuzungusha skrini iliyoelezwa hapa haihitaji mamlaka hayo hata kidogo. Mtu akitoa faili ndefu isiyoeleweka na kusisitiza itekelezwe kwa sudo ili tu picha igeuke, ni vyema kukataa.

Bando dogo, fimbo ya USB moja

Katika maeneo ambako intaneti hununuliwa kwa kipimo kupitia simu, ni muhimu kujua kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji mtandao. Amri za dmesg na udevadm huja na mfumo wenyewe, na setkeycodes na xrandr kwa kawaida huwa tayari zimewekwa. Programu za evtest na iio-sensor-proxy ni ndogo, na huweza kupakuliwa kwa kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB.

Anayefikiria kununua mashine iliyotumika anaweza kuipima kabla ya kutoa fedha. Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye fimbo ya USB bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Kwa dakika chache mnunuzi ataweza kubonyeza kitufe, kugusa kioo, kuandika monitor-sensor na kuona kama vyote vinaitikia. Muuzaji anayekataa jaribio hilo atakuwa amejibu swali la mnunuzi bila kusema neno.

Kikwazo cha lugha kipo, kwani ujumbe mwingi wa Linux bado ni wa Kiingereza. Juhudi za kuupunguza zilianza mapema: Desemba 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa Kiswahili iliyotokana na programu huria. Na kwa Warundi, jina la mojawapo ya matoleo maarufu ya Linux halihitaji kutafsiriwa. Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, umebeba neno la Kibantu la utu. Ndugu yake mwenye mandhari ya KDE huitwa Kubuntu, jina ambalo kwa Kirundi, bila waliolichagua kukusudia, humaanisha kitu kinachotolewa bure.

Kwa ufupi

Kitufe kisichoitikia kipimwe kabla ya kulaumiwa. Dmesg na evtest huonyesha kama kinasikika. Setkeycodes na faili ya hwdb hukipa jina. GNOME, xrandr au kscreen-doctor hukipa kazi. Xinput na xsetwacom hufanya kidole na kalamu vifuate. Anayefanikiwa aandike kwenye karatasi aina ya mashine yake na nambari aliyoikuta, kisha aibandike chini ya kompyuta. Mashine hiyo itakapopita mkono mwingine, mwenye kuipokea hatalazimika kuanza upya, na hakuna fundi atakayemshawishi kununua kibodi asiyoihitaji.